Mtutu Uliofumba Jicho

Lugembe alikuwa amechungulia mitutu ya bunduki kwa miaka ishirini na sita, na hakuna hata mmoja uliowahi kumfumbia jicho. Kwa hiyo asubuhi ile, barazani kwa Mzee Fikiri pale Tabora mjini, alipouelekeza mtutu angani na kuona kile kiduara cha mwanga cha upande wa pili kikifumba taratibu, kikatulia, kisha kikafumbuka, aliishusha bunduki kwanza. Alijifuta macho kwa kiganja. Akaulaumu umri, akailaumu na sigara aliyovuta ujanani, halafu akachungulia tena. Mwanga ulikuwa palepale, mduara safi, na ile mifereji ya ndani ya mtutu ilizunguka vizuri mpaka mwisho.

"Vipi, shemeji?" Masanja aliuliza.

"Subiri. Bunduki haikaguliwi kwa haraka."

Angesema wakati ule. Mimi ninayesimulia nimeshamsamehe Lugembe mengi, lakini hilo bado limenikaa kooni. Mtu aliyetunza ghala la silaha la askari wa wanyamapori tangu kijana mpaka kustaafu, mtu ambaye nusu ya wenye bunduki mkoani humletea silaha azikague kabla hawajatoa hela yao, anaona mtutu unafumba jicho, naye ananyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Masanja, mnunuzi, alikuwa mkulima na mfuga nyuki wa Ipole, na alikuwa amemwoa Paskazia, dada pekee wa Lugembe. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufa zamani. Siku ya harusi Lugembe ndiye aliyesimama mahali pa baba, akapokea ng'ombe, akalia mbele za watu bila haya. Sasa nguruwe pori walikuwa wamemaliza mahindi ya Masanja misimu miwili mfululizo, na baada ya kuhangaika miezi mitano kwenye kamati na ofisi alikuwa amepata kibali cha kumiliki bunduki. Mpya hakuiweza bei. Akasikia kuna mzee wa Kizaramo mjini, mstaafu wa reli, anauza ya zamani.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za kubeba mizigo kwenda pwani, na wote watatu walikuwa wameanza kushambuliana tangu mlangoni.

"Karibuni wapagazi," Mzee Fikiri alikuwa amewapokea. "Mizigo mmeiweka wapi? Au siku hizi mnabeba vitambi tu?"

"Tumekuja kudai maji mliyotuuzia njiani," Masanja alijibu. "Babu yangu alilipa pembe nzima kwa kata moja, tena maji yenyewe ya chumvi."

Walicheka mpaka majirani wawili waliokuwa wakipita wakaja kukaa barazani kusikiliza. Mzee Fikiri alileta kahawa mwenyewe, akaomba radhi kwamba mke wake, Bi Hafsa, hajisikii vizuri. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umerudishwa, na nyuma yake mtu alikuwa akiimba kwa pua, wimbo wa kwata, ule wa askari kwenye gwaride, mapigo yaleyale bila kupumzika.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kijeshi, ya enzi za Mjerumani, ila ilikuwa imekatwa. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameiondoa mbao yote ya mbele iliyofunika mtutu, akalipiga tupa lile jino la kushikia singe, akakichonga kitako kiwe chembamba cha kuegemea shavu, akaipaka vanishi. Ndivyo bunduki za vita zilivyogeuzwa za kuwindia. Kazi ilikuwa safi. Lugembe alilitoa komeo, kile chuma cha kukokia, akalinganisha namba zake na namba za mwilini. Zililingana. Aliingiza ncha ya risasi kwenye mdomo wa mtutu kuona umelika kiasi gani, akaridhika. Alinusa chemba, pale risasi inapokaa, hapo akakunja uso, maana ilinuka baruti mbichi kana kwamba imepigwa muda uleule.

"Umeipiga lini mara ya mwisho, mzee?"

"Mimi sijawahi kuipiga," alisema Mzee Fikiri. "Niliinunua tu."

Ikabaki kuitoa mbao. Kutu ya bunduki kuukuu hujificha chini, pale mtutu unapolalia, na mkaguzi asiyefungua hapo anakagua vanishi tu. Lugembe alifungua skrubu mbili, akanyanyua chuma kutoka kwenye mbao. Kutu haikuwepo. Kulikuwa na majina. Yalichongwa kwenye mbao kwa ncha nyembamba, moja chini ya jingine, mengine kwa herufi za Kiarabu, mengine yamefifia hata hayasomeki. La mwisho lilikuwa wazi kabisa. Hafsa.

"Mkeo huyu?"

"Mke wangu," Mzee Fikiri alisema, akageukia kahawa yake. "Wenye bunduki wana mambo ya kitoto."

Lugembe akairudisha mbao, akakaza skrubu, akatoa hukumu. "Ni nzuri. Mtutu safi, chemba safi, mbao haina ufa. Inunue."

Bei ilikuwa milioni moja na laki sita. Masanja alikuwa na milioni na laki nne, akazimwaga zote mezani, akaomba kwa jina la utani.

"Laki mbili nzima?" Mzee Fikiri alishika kichwa. "Laki mbili si punguzo, mtani. Hiyo ni mahari. Nikikupunguzia hizo, nipeni mwanamke."

"Mwanamke yupo! Mchukue Paskazia, mke wangu. Anakoroma kama mashine ya kukoboa. Mimi nimeshamwacha, ni wako."

Majirani waliangua kicheko. Mzee Fikiri alicheka pia, ila macho yake yalihamia kwa Lugembe yakabaki hapo. "Na huyu ni nani wake?"

"Kaka yake."

"Baba yenu yupo?"

"Marehemu," alisema Lugembe.

"Basi kauli ni yako. Unamwoza?"

Lugembe alikuwa ameipakata bunduki mapajani, amechangamka kwa kahawa na vicheko. "Namwoza," alisema. "Tena kwa laki mbili hizohizo. Na nauli nitatoa mimi."

"Nimepokea," alisema Mzee Fikiri. Hakuweka mkono kifuani kwake. Aliuweka juu ya mbao ya bunduki. "Nimepokea kwa niaba ya mwenyewe."

Wakacheka wote, yeye kuliko wote, mpaka machozi yakamtiririka mashavuni. Ndani ya chumba cha pili ule wimbo ulikatika. Hakuna aliyejali. Siku hiyohiyo walikwenda polisi kubadilisha jina la umiliki, na jioni Masanja alipanda basi la Sikonge na bunduki yake ndani ya mfuko wa turubai.

Wiki ya kwanza alipiga simu. "Shemeji, bunduki ikiwa ndani ya sanduku la chuma, na komeo nimeliweka mbali, inaweza kujikoki?"

"Haiwezi. Unasikia nini?"

"Nasikia ikikokiwa. Kila siku saa saba mchana, mara mbili. Klak, klak."

"Panya hao."

"Panya wa wapi wa kukoki bunduki?" Masanja alicheka, lakini kilikuwa kicheko kifupi.

Wiki ya tatu alipiga tena, safari hii hakucheka. Nyuki walikuwa wameondoka. Mizinga arobaini, aliyoitundika kwa miaka kumi na miwili katika misitu ya Ipole, ilikuwa imehamwa yote mchana mmoja, na walioona walisema wingu la nyuki lilipita juu ya nyumba yake likakata kona ghafla, likaizunguka nyumba kwa mbali, likaenda zake. Asali waliiacha. Masanja alipoionja ilikuwa na ladha ya chuma.

"Na kingine," alisema, akashusha sauti. "Dada yako haniitikii. Namwita, ananiangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Njoo."

Lugembe alifika Ipole kesho yake, jua likiwa utosini. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri mno, mistari ya ufagio imenyooka kama ya kwenye kambi, na hapakuwa na kuku. Masanja alimpokea nje, akamshika mkono wakaingia bila kuongea. Chumbani, mbele ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa nondo, Paskazia alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, amevaa gauni lake la harusi, nywele zimesukwa, mikono imepakwa hina ambayo hakuna mtu aliyejua kaitoa wapi, naye alikuwa akipakua ugali kwenye sahani mbili.

"Paskazia," aliita Lugembe. "Mdogo wangu. Mwangaluka."

Alizoea kuitikia salamu hiyo kwa kumrukia kaka yake shingoni, hata alipokuwa na watoto wakubwa. Sasa aliinua kidole akakiweka mdomoni. "Polepole," alinong'ona. "Mwenyewe amelala."

"Mwenyewe nani?"

Paskazia alisogeza sahani moja mpaka ikagusa sanduku, na Lugembe, ambaye alikuwa amesimama hatua mbili tu, alisikia harufu ya baruti ikipanda kutoka kwenye ugali, halafu akasikia ndani ya chuma kile kitu ambacho masikio yake yalikifahamu kuliko sauti ya mtu yeyote duniani, komeo likinyanyuliwa, likavutwa nyuma, likasukumwa mbele, likalazwa, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka, na lile komeo lenyewe alikuwa akiliona kwa macho yake limefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati, halijatikisika. Likarudiwa tena. Na kila lilipolazwa, bega la kulia la dada yake lilirushwa nyuma kama mtu aliyepiga risasi.

"Mwangalie bega," Masanja alisema, akilia.

Walifungua kifungo. Kulikuwa na jeraha la kitako cha bunduki, jeusi katikati, zambarau pembeni, njano kwenye kingo, mapigo ya siku nyingi yaliyopandana. Lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mfupa wa kifua. Paskazia aliwaacha wamtazame. Hakuonekana kuumia. Alikuwa akiimba kwa pua, wimbo wa kwata, na Lugembe aliutambua, ndio uleule aliousikia nyuma ya mlango wa Mzee Fikiri.

Aliomba ufunguo wa sanduku, akaitoa bunduki akaipeleka ukumbini. Akafungua zile skrubu mbili. Chini ya jina la Hafsa palikuwa na jina jipya, mbao yake bado nyeupe, na unga wake mdogo wa mchongo haujapeperuka. Paskazia. Ufunguo wa sanduku hukaa shingoni kwa Masanja, hata akioga.

"Nitaikata vipandevipande," alisema Lugembe. Akachukua msumeno wa chuma akauweka kwenye mtutu, akavuta mara moja. Kutoka chumbani ukaja ukelele ambao sitaki kuueleza. Walipokimbia walimkuta Paskazia amelala kifudifudi, na mgongoni, katikati ya mabega, gauni la harusi lilikuwa limechanika mstari mmoja, na damu ilikuwa ikitoka kwenye mstari huo, nyembamba, kama wa jino la msumeno.

Katekista aliitwa akasali mpaka sauti ikamkauka. Hospitali waliuona mfupa mzima, wakatoa dawa ya maumivu. Watoto wawili walipelekwa kwa shangazi yao Nzega, na mama yao alipowaaga aliwauliza ni watoto wa nani. Ndipo Lugembe akaenda Isikizya kumchukua Bi Ummy, mama wa makamo aliyejulikana kwa kutoa majini ya watu, mkali, asiyependa kusifiwa. Alifika na ubani wake na kitabu chake. Hakuufukiza ubani. Alikaa na Paskazia nusu saa mlango umefungwa, akatoka, akamwita Lugembe na Masanja chini ya banda la kukaushia tumbaku la jirani.

"Mlisema nini siku mlipoinunua? Neno kwa neno."

Walimweleza. Masanja alieleza kicheko, mashine ya kukoboa, laki mbili. Kila alivyoendelea ndivyo Bi Ummy alivyozidi kutazama chini.

"Huyu si pepo wa kupunga," alisema mwishoni. "Pepo anaingia mwenyewe, anatolewa. Huyu ameoa. Wewe mume ulisema umemwacha. Wewe kaka, ambaye ndiye walii wake kwa kuwa baba hayupo, ulisema unamwoza. Mahari ilitajwa, ikapokelewa. Mashahidi wawili walikuwepo. Kimekosekana nini?"

"Ilikuwa utani!" Lugembe alipaza sauti. "Mzaramo yule ni mtani wetu, kila mtu anajua utani!"

"Sisi tunajua. Yeye anatambua ndoa, na ndoa haina mzaha, hata mtoto wa madrasa anafundishwa hivyo. Ukioza kwa kucheka, umeoza."

"Basi tumdai talaka."

"Talaka iko mkononi mwa mume. Nimemuuliza." Bi Ummy alijifunga khanga vizuri kana kwamba anasikia baridi. "Ni jini la vita, lilifuatana na askari mmoja wa Mjerumani, likazoea chuma. Linasema halikai bila mke. Haliwezi kuoa wawili kwa pamoja, na likipata mwingine kwa njia ileile linamwachia aliyepo. Wasipopatikana wengine, hukaa na huyo mpaka alama ya bega ifike kwenye moyo. Wengi walifika mwaka wa tatu. Paskazia ni mwembamba. Sidhani kama atamaliza mwaka." Alikataa malipo. Alikataa hata chai. Na alipopanda pikipiki kuondoka, hakugeuka nyuma kuitazama nyumba.

Lugembe alirudi Tabora mjini akiwa amedhamiria kumvunja Mzee Fikiri mbavu. Nasema alidhamiria, maana alitembea kutoka stendi hadi barazani ngumi zimekazwa. Lakini aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamke mnene kiasi, mcheshi, mikono imejaa unga wa maandazi.

"Karibu baba, karibu. Unamtaka mzee? Nisamehe nilivyo, niliumwa muda mrefu, sasa nakula kila kinachopita mbele yangu." Ukosi wa gauni ulikuwa umelegea, na Lugembe aliona chini ya mfupa wa shingo alama ya njano, pigo la zamani linalopona.

Mzee Fikiri alimtoa mkewe kwa kumtuma maji. Kisha akapiga magoti palepale barazani, mzee wa watu, akashika miguu ya Lugembe.

"Niue, mwanangu. Nastahili kuuawa. Ila usiniambie niirudishe, siirudishi."

"Ulijua."

"Nilijua. Aliyeniuzia mimi alikuwa mtani pia, Mnyamwezi mwenzenu, wa huko Urambo. Alinitania hivyohivyo, nami nikamtoa Hafsa kwa mdomo wangu, kaka yake yuko pembeni anacheka." Alilia kwa kwikwi. "Mwaka na nusu nimengoja. Wateja kumi na wawili walikuja. Ukimweleza mtu ukweli, atasema maneno hayo? Ukimlazimisha, hayahesabiki. Lazima ayatoe mwenyewe, kwa furaha. Nani anamtoa mke wake kwa furaha, mbele ya shemeji yake, isipokuwa mtu anayetaniana?"

Lugembe aliinua ngumi. Kule uani Bi Hafsa alikuwa akimtania muuza maji kwa sauti kubwa, na sauti hiyo ilikuwa hai mno. Ngumi ikashuka yenyewe. Alikwenda kukaa kituo cha basi mpaka jua likazama, akiwahesabu kichwani watani wote aliowajua.

Miezi minne ilipita. Ninyi mnaosikiliza msidhani hawakujaribu mengine. Waliifukia bunduki porini, na Paskazia akakutwa ameulalia udongo ule, mdomo umejaa mchanga. Waliipeleka polisi ikatunzwe, na akatembea kwa miguu kuelekea huko akiwa na homa, mpaka wakairudisha. Alama ilikuwa sasa imefika chini ya ziwa la kushoto. Alikuwa ameacha kula kabisa. Hakuwa akimwita Lugembe kaka, wala chochote. Mara moja tu, alipokuwa akimpangusa uso kwa kitambaa cha maji, alimwangalia akasema, "Mzee wangu, una huruma, Mungu akubariki," kama mtu anavyomshukuru muuguzi. Lugembe alitoka nje akajigonga kichwa ukutani.

Mwezi wa tano mwalimu mmoja alipiga simu. Aliitwa Ndahani, Mgogo wa Dodoma, alikuwa amehamishiwa shule ya jirani akalima ekari nne, na nguruwe pori walikuwa wamemfikia. Kibali anacho. Amesikia Masanja anauza.

"Nami nimeambiwa wewe ndiye fundi wa kukagua," alimwambia Lugembe. "Nitakulipa uniangalizie. Sijui chochote kuhusu bunduki."

Mgogo na Mnyamwezi nao ni watani. Lugembe alihamishia simu sikio la pili.

"Sitaki malipo," alisema. Halafu akasema, kwa sauti ya upole aliyoizoea kwa wateja, "Mwalimu, umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo ana kaka?"

"Anaye. Baba yao ni marehemu, yeye ndiye aliyenioza."

"Basi njoo naye. Bunduki hainunuliwi na mtu mmoja."

Walikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, Ndahani na shemeji yake na majirani wawili waliowapa lifti. Mwalimu alikuwa kijana mwenye meno mazuri na shati lililopigwa pasi. Alileta mfuko wa ubuyu. "Jenifa, mke wangu, kasema nisiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Kasikia kuna mgonjwa. Kaupika mwenyewe."

"Mgogo kaleta zawadi?" alisema Masanja kutoka kivulini, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma. "Leo mvua itanyesha. Sisi tumezoea mnakuja kuomba."

Wageni walicheka. Utani ukaanza. Lugembe alikaa chini, akaipakata bunduki, akafanya kazi yake hatua kwa hatua kama alivyoifanya maisha yake yote, akalitoa komeo, akalinganisha namba, akaingiza ncha ya risasi mdomoni mwa mtutu, na mikono haikutetemeka, jambo ambalo lilimtisha kuliko yote. Akauelekeza mtutu angani. Kiduara cha mwanga kilikuwa kikimtazama. Kikafumba, polepole, kama kinachokubaliana naye.

"Vipi, mzee?" aliuliza Ndahani.

"Safi," alisema Lugembe. "Mtutu safi kabisa."

"Na chini ya mbao? Nimesikia kutu hujificha chini."

"Nimeshaangalia mwenyewe. Hakuna kutu."

Masanja akataja bei. Ndahani, kama ilivyotarajiwa, akaomba apunguziwe kwa jina la utani. Masanja akamtazama Lugembe kwa macho ya ng'ombe anayeburutwa. Kutoka chumbani ule wimbo wa kwata ulikuwa umekuwa mdogo sana, karibu pumzi tu. Ikawa zamu ya Lugembe kusema, na Lugembe akacheka kwanza, kwa sauti, akajipiga paja.

"Punguzo hilo si punguzo, mtani," alisema. "Hiyo ni mahari."

Sitayarudia maneno yaliyofuata. Yalikuwa yaleyale, na yalisemwa kwa furaha. Mwalimu alisema mke wake anaongea usingizini, achukuliwe tu, yeye kamwacha. Shemeji yake alisema anamwoza, tena na kuku wawili juu. Lugembe aliweka kiganja juu ya mbao akasema amepokea, na majirani wawili walikuwa wakishikilia mbavu kwa kucheka alipoinuka, akawaomba radhi, akaingia chumbani.

Wimbo ulikuwa umekatika. Paskazia alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini, na macho yake yalikuwa yake. Alitazama dari, akatazama hina mikononi mwake, akatazama mlangoni.

"Kaka," alisema.

Lugembe alipiga magoti akamshika mkono, akaukandamiza usoni kwake, machozi yakamtoka hovyo. Paskazia aliuvuta mkono wake polepole ukatoka.

"Mmempa nani?"

Nje mwalimu alikuwa akihesabu hela kwa sauti, na watu bado walikuwa wakicheka.

"Kaka, nimekuuliza. Anaitwa nani?"

"Jenifa," alisema Lugembe.

Paskazia akageukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka wageni walipoaga, na alipoletewa ubuyu hakuugusa.